Kiti cha Milansi: Nani wa Kumhukumu Mganga?

Mganga hajigangi. Methali hii husemwa kwa wepesi barazani, mara nyingi kwa kicheko, anapoonekana mtu mwenye kuwaponya wengine naye ameshindwa kujitibu homa yake mwenyewe. Lakini ndani yake limo swali zito ambalo kila jamii imelazimika kulijibu kwa namna yake. Mtu aliyepewa elimu ya siri, akaogopwa na kuheshimiwa kwa elimu hiyo, akikosea nani atamhukumu? Wawili wenye elimu hiyo wakigombana, nani atawapatanisha? Na akitokea mmoja akamtaja jirani kuwa mchawi, neno lake litapimwa kwa mizani gani?

Mahali pazuri pa kulitazamia swali hili ni uwanda wa juu wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Huko, upande wa kusini wa mji wa Sumbawanga, iko Mpui, katika nchi iliyokuwa sehemu ya utawala wa Lyangalile. Ni nchi ya baridi na upepo, yenye nyasi nyingi na miti michache, ambako wakulima tangu zamani hufukia majani katika matuta ya mviringo ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Jina la Sumbawanga lenyewe wenyeji hulifasiri kuwa ni amri: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Tupa uchawi wako ndipo uingie. Mji wenye amri mlangoni ni mji uliowahi kuwaza sana juu ya nani anayeruhusiwa kubeba nini mkobani mwake.

Swali hili si la Afrika peke yake. Julius Caesar, alipoandika habari za vita vyake katika nchi ya Wagali, ambayo leo ni Ufaransa, alieleza habari za madruidi, makuhani waliokuwa pia waamuzi wa karibu kila ugomvi, uwe wa mauaji, wa urithi au wa mipaka. Walikuwa na mkuu mmoja. Alipokufa, alimrithi aliyewazidi wenzake kwa heshima. Wakiwapo kadhaa waliolingana, walipiga kura, na mara nyingine walifikia hata kushika silaha. Kila mwaka walikutana mahali patakatifu katika nchi ya Wakarnuti, na wenye mashauri wakaja huko kutoka kila upande. Asiyekubali hukumu yao hakupigwa wala hakufungwa; alizuiwa kuhudhuria kafara, na watu wakamkwepa njiani kana kwamba ana maradhi ya kuambukiza. Yaliyomo humo ndiyo mambo manne ya kila baraza la wenye siri: namna ya kupata mkuu, mahali pa kukutania, mpaka wa madaraka, na adhabu isiyohitaji askari. Ufipa ilikuwa na majibu yake juu ya mambo hayo, na jibu kubwa kuliko yote limehifadhiwa katika kisa cha kiti.

Simulizi za Wafipa husema kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni akakaa Milansi, kijiji ambacho jina lake huelezwa kuwa na maana ya kijiji cha milele. Ukoo wake ulihusishwa na ufuaji wa chuma, kazi iliyoheshimiwa na kuogopwa. Vizazi vikapita. Siku moja mfalme wa Milansi alipokuwa mawindoni, walifika wageni watatu, wote wanawake. Mke wa mfalme, kwa hofu au kwa ukarimu, akawaachia kiti cha enzi, na wao wakakikalia. Mfalme aliporudi alikuta nchi imekwisha kuingia mikononi mwa wageni, naye hakuinua mkuki. Yalifanyika mapatano. Wageni, walioasisi ukoo wa kifalme wa Watwa (wasichanganywe na Watwa wawindaji wa misitu ya Kongo na Rwanda), wakapata nchi na utawala wake. Mwene wa Milansi akabakiwa na kijiji chake, na heshima ya kuwa mkubwa katika mambo ya ibada, ambayo hakuna mfalme wa Kitwa aliyeweza kumvua.

Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kukusanya masimulizi haya, alikiona kisa hicho kuwa ndio ufunguo wa kuielewa jamii nzima. Hapana haja ya kuuliza kama wanawake hao watatu walikuwa watu wa kihistoria wenye majina na tarehe. Kisa ni katiba, na katiba hupimwa kwa kazi inayoifanya. Kazi ya kisa cha Milansi ilikuwa kutenganisha vitu viwili ambavyo kwingineko vilikaa katika mkono mmoja. Mwenye askari na kodi hakuwa mwenye ukongwe wa ibada. Na mwenye ukongwe wa ibada hakuwa na askari wa kuwatuma. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na kwa kuhitajiana huko kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwambia, hapa umevuka mpaka.

Mapatano hayo hayakuwafanya Wafipa malaika. Watwa wenyewe waligawanyika wakawa na tawala mbili, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini, na ndugu hao waligombana. Katika miaka ya 1840 wakaja Wangoni wa Zwangendaba, waliokuwa wametembea kutoka kusini mwa Afrika, wakapiga kambi Ufipa. Zwangendaba alifia huko mnamo 1848. Hapo uwanda huo ukashuhudia mfano wa kinyume cha Milansi: watu wenye nguvu za vita kuliko majirani zao wote walishindwa kukubaliana juu ya mrithi, wakatawanyika, hawa wakielekea kaskazini, wale kusini, wengine wakizunguka ziwa Nyasa hadi nchi ya Songea ya leo. Wangoni waliondoka; Milansi ikabaki mahali pake. Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880, nusu karne isiyotimia baada ya msukosuko huo, alikuta watu wenye kulima na kuzungumza kuliko kupigana, akashangaa na kuwasifu kwa hilo.

Chini ya wafalme kulikuwa na mabaraza madogo ya wenye elimu, na lililo mashuhuri kuliko yote ni lile la wayeyushaji chuma. Tanuri lao, ilungu, lilijengwa kwa udongo likafikia urefu wa mita tatu hivi, na upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto kabla ya kufuliwa majembe na shoka. Hadi miaka ya 1930 kazi hiyo ilikuwa bado inafanyika, na maelezo yake yalichapwa mwaka 1937. Masalio ya matanuri na mavi ya chuma yamechunguzwa tangu hapo na wanaakiolojia, akiwamo Bertram Mapunda, Mtanzania aliyeitafiti Ufipa kwa miaka mingi.

Tanuri halikuwa mtambo tu. Lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi, na waliolihudumia walijitenga na wake zao kwa muda wa kazi. Mkuu wa kazi alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, ambacho bila hicho moto haukuwashwa, na miongoni mwa dawa hizo zilikuwamo za kuwakinga wafanyakazi dhidi ya wachawi. Msomaji wa leo anaweza kuyaona hayo kuwa ushirikina uliozungushiwa ufundi. Lakini na atazame namna yalivyoongoza watu. Kazi ile ilihitaji wanaume wengi, kuni na mkaa kwa wingi, na siku nyingi za subira. Uvivu wa mmoja uliharibu jasho la wote. Miiko iliwafunga wote sawasawa, mkuu na mwanagenzi. Na juu ya yote, kazi yao ilikuwa na ushahidi wa wazi: ama chuma kimetoka, ama hakikutoka. Hakuna fundi aliyeweza kudai kwamba ameyeyusha ilhali tanuri limejaa majivu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mwenye kikapu cha dawa za chuma na mwenye kikapu cha dawa za watu, kwa kuwa ugonjwa huondoka kwa njia nyingi, na mashtaka ya uchawi hayana tanuri la kuyapimia.

Utawala wa kikoloni ulipofika, kwanza wa Wajerumani walioweka ngome yao Kasanga, wakapaita Bismarckburg, kisha wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya kwanza, uliyagusa mabaraza haya kwa mkono usioyajua. Waingereza waliwatumia watawala wa jadi kama watumishi wa serikali, wenye mahakama na mishahara. Mwaka 1928 ilitungwa sheria ya uchawi ya Tanganyika, iliyokataza kudai kuwa na nguvu za uchawi na kukataza pia kumtuhumu mtu kuwa mchawi. Nia yake ilikuwa kuokoa maisha, na hapana shaka iliokoa mengi. Lakini ilileta jambo ambalo watunzi wake hawakulikusudia. Mwanakijiji aliyefiwa na watoto watatu akaamini kuwa amerogwa hakuwa tena na mahali halali pa kulisema neno lake likasikilizwa, likajibiwa, na kuzimwa. Hofu haikufutwa na sheria. Ilinyimwa baraza tu.

Penye hofu isiyo na baraza, huja mgeni mwenye dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilienea kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, harakati iliyoitwa mchape, jina linalohusishwa na neno la Kinyanja la kufua nguo. Vijana waliovaa vizuri walipita kijiji kwa kijiji, wakawapanga watu mstari, wakawatazama kwa kioo kidogo, wakawanywesha dawa, na kuwaamuru watupe pembe na hirizi zao. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyekuwa katika nchi ya Wabemba kusini ya Ufipa, alizikagua pembe 135 zilizotupwa hivyo. 11 tu ndizo zilizohesabiwa kuwa za kudhuru, na nyingine zote zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida. Yaani wasafishaji walipoondoka na sifa zao, walichokiteketeza kwa sehemu kubwa kilikuwa ni mkoba wa tiba wa kijiji.

Harakati hizo zilirudi Ufipa kwa nguvu mwaka 1963 na 1964, zikiitwa kamchape, na safari hii Willis alikuwapo kuziona. Vijiji viliwaita wasafishaji wenyewe na kuwalipa. Vitu vya dawa vikarundikwa mbele ya watu wote, watu wakapewa dawa ya kinga, wakaambiwa kwamba atakayerudia uchawi itamuua dawa hiyo hiyo. Willis aliona kwamba nyuma ya shangwe hizo kulikuwa na mvutano kati ya vijana na wazee, na kwamba wazee ndio waliotazamiwa kusalimisha pembe zao.

Tarehe hiyo yafaa kutazamwa mara mbili. Ni mwaka huo huo wa 1963 ambapo serikali ya Tanganyika huru ilifuta nyadhifa za machifu na madaraka yao. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, kwa kuwa taifa changa lilitaka raia walio sawa mbele ya sheria moja. Hata hivyo, kwa mtu wa Mpui, mahakama aliyoijua ilifungwa wakati ule ule kamchape alipobisha hodi. Haiwezi kusemwa kwamba jambo moja lilizaa la pili. Mchape ulikuja pia wakati machifu walipokuwa vitini. Lakini mgeni mwenye kioo alikuta nyumba yenye ufa mpana zaidi.

Wasomaji wa pwani hawana haja ya kwenda mbali kupata kisa kinachofanana na hicho. Wamijikenda wa Kenya waliendesha mambo yao kwa baraza la wazee, kambi, lililokutana ndani ya msitu mtakatifu wa kaya, ambamo hata tawi halikukatwa bila idhini. Ugomvi uliowashinda watu nyumbani ulipelekwa kwa wazee, na aliyetuhumiwa uchawi alipewa njia ya kujitakasa kwa kiapo, kiraho, mbele ya watu. Waingereza, wakihofia uasi wa Wagiriama uliohamasishwa na Mekatilili, waliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, na mwaka 1966 akatokea Kajiwe, aliyezunguka nchi ya Wamijikenda akiwasaka wachawi na kuwasafisha, mbele ya umati wa watu. Uwanda wa baridi na pwani ya minazi havikushauriana. Vilipita njia moja kwa kuwa shida ilikuwa moja. Misitu ya kaya imeingizwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, na hilo ni jambo jema, ingawa kuuhifadhi msitu ni kazi nyepesi kuliko kulihifadhi baraza lililokuwa likikaa chini ya miti yake.

Dola ya Tanzania nayo ilijaribu kujenga kiti kipya. Kwa miaka mingi sheria iliruhusu tiba za jadi kwa masharti mafupi tu: mganga awe ni mtu ambaye jamii yake inamtambua kuwa amefunzwa, na asihatarishe uhai. Ilikuwa kanuni ya busara, maana ilimwacha mganga chini ya macho ya wanaomfahamu, lakini ilikuwa kanuni ya kijiji katika nchi ambayo watu wake walikwisha kuanza kusafiri. Mganga wa Ufipa angeweza kufungua chumba Dar es Salaam, ambako hakuna amjuaye mwalimu wake. Ndipo mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23, iliyounda baraza la kitaifa lenye msajili, daftari la waganga, na uwezo wa kulifuta jina la aliyekiuka maadili. Zanzibar ina sheria na baraza lake.

Baraza hilo lilitikiswa mapema. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, yaliitia nchi aibu na majonzi. Mwezi Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpanda, iliyokuwa wakati huo ndani ya Mkoa wa Rukwa, alitangaza kusimamishwa kwa leseni za waganga wa jadi nchini. Mwezi Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Watu walianza kulitumia jina la ramli chonganishi, na mshairi yeyote wa pwani atahisi uzito wa maneno hayo mawili. Ramli ni neno lililovuka bahari. Asili yake ni mchanga kwa Kiarabu, mchanga ambao juu yake mpiga ramli alichora alama zake na kuzisoma. Lilipanda bara pamoja na Kiswahili chenyewe, na huko likapewa sifa inayolishtaki: chonganishi, yenye kuwagombanisha ndugu. Mganga anayesema mtoto wako anaumwa tumbo, mpe mizizi hii, ametibu au ameshindwa. Mganga anayesema mtoto wako anaumwa kwa sababu ya bibi wa nyumba ya pili amehukumu, na mara nyingi hukumu yake hutekelezwa usiku, kwa panga, dhidi ya kikongwe asiyejua kwamba kulikuwa na kesi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Marufuku huwapiga wote kwa fimbo moja, mwenye mizizi na mwenye ramli. Daftari huandika jina, anwani na ada, lakini halijui yaliyonenwa ndani ya chumba cheusi. Na wasafishaji hawakukoma: katika miongo ya karibuni, vikundi vinavyoitwa lambalamba au kamchape vimeripotiwa tena katika Rukwa, Katavi na Kigoma. Kila vinapoitwa kijijini, ni dalili kwamba hakuna baraza la karibu ambalo watu wanaamini litaisikiliza hofu yao bila kumuua mtu.

Historia ya Ufipa haitoi dawa ya kunywa mara moja. Zamani nako hakukuwa peponi. Viapo vya kale viliua wasio na hatia, na mwiko uliweza kutumika kumfunga mnyonge. Lakini inatoa kipimo. Mapatano ya Milansi yalimnyima mwenye siri upanga, na yakamnyima mwenye upanga siri. Miiko ya ilungu ilimfunga mkuu kabla ya mwanagenzi, na kazi yake ikaonekana na wote. Madruidi wa Caesar walikuwa na siku na mahali panapojulikana, naye mshtakiwa aliweza kufika. Mpiga ramli chonganishi hana hata kimoja katika hivyo: anashtaki na kuhukumu kwa kinywa kimoja, hana mkubwa wa kumwita, na anayemhukumu hayupo chumbani.

Basi baraza lolote litakalotaka kuaminiwa Mpui, liwe la sheria ya 2002 au la wazee wa kijiji, litaulizwa maswali ambayo mwene wa Milansi alikwisha kuyajibu aliporudi kutoka mawindoni na kukuta kiti chake kimekaliwa. Ni kipi tunachokiachilia, ni kipi tunachobaki nacho, na nani atatuambia tukivuka mpaka? Yeye aliachilia nchi, akabaki na heshima. Kikongwe wa nyumba ya pili hadai nchi wala heshima kubwa kiasi hicho. Anadai tu kwamba jina lake lisitajwe gizani, na kwamba likitajwa, aitwe mchana aje kujibu.